Majaribio Yanayosomeka: Kutoka Mosoriot hadi OpenMRS

Mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika mwaka 2001 katika kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, ulijengwa kwa Microsoft Access, nao ulitosha mpaka matibabu ya UKIMWI yalipopanuka na wagonjwa wakauzidi uwezo wake. Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief, Indiana, waliofika Eldoret mwaka 2004, ndio waliobuni OpenMRS, programu huria iliyoandikwa kwa Java, ambayo ilianza kutumika huko mwaka 2006 na baadaye ikawa msingi wa KenyaEMR, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa nchini Kenya.

Kwa kuwa msimbo wake uliandikwa na watu wa mabara mbalimbali ambao wengi hawakuwahi kuonana, majaribio ya vipande, yaani programu ndogo zinazopima sehemu moja moja ya msimbo, yalilazimika kueleweka na msomaji asiyeweza kumuuliza mwandishi. Kiini cha jaribio ni kauli ya uthibitisho, inayotaja matokeo yanayotarajiwa na kuliangusha jaribio yasipopatikana. JUnit, maktaba ya majaribio ya Java ambayo Kent Beck na Erich Gamma waliianza mwaka 1997 wakiwa ndani ya ndege kuelekea Atlanta, ilizoesha watu assertTrue, ambayo ikianguka husema tu kwamba imeanguka, na assertEquals, ambayo hutaja thamani inayotarajiwa na iliyopatikana, mradi ile inayotarajiwa imetangulizwa. Mwandishi akizigeuza, jaribio huanguka vilevile panapostahili, ila ujumbe hudai, kwa mfano, kwamba wagonjwa 2 ndio waliotarajiwa ilhali orodha ilipaswa kuwa na 3, na mrekebishaji huanza kutafuta kosa upande usio na kosa.

Hamcrest, maktaba ya kauli za uthibitisho ya Joe Walnes na wenzake, iliyojumuishwa katika JUnit 4.4 mwaka 2007, ilieneza assertThat, ambamo thamani iliyopatikana hutangulia na sharti hufuata, mithili ya kiima na kiarifu. Watengenezaji wa OpenMRS waliipokea bila kuiacha assertEquals, wakatilia mkazo zaidi jina la jaribio, linaloanza na operesheni inayopimwa, kama savePatient, likifuatwa na should pamoja na maelezo kamili ya wajibu wake. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, maana jina huonekana mapema katika ripoti, ingawa jina zuri likifuatwa na assertTrue tupu hueleza kilichovunjika bila kueleza kilivyovunjika. JUnit 5, iliyotolewa mwaka 2017, iliiondoa assertThat katika kauli zake yenyewe na kuwaachia waandishi wachague kati ya maktaba za Hamcrest, AssertJ na nyinginezo.