Hoja ya Karachuonyo Ambayo Bado Haijapata Sheria

Mwaka 1997 mbunge wa Karachuonyo, Phoebe Asiyo, aliwasilisha Bungeni hoja ya kutaka wanawake watengewe nafasi katika siasa za Kenya. Wenzake waliiangusha. Tangu hapo Katiba imeandikwa upya na Bunge limevunjwa na kuundwa mara kadhaa, lakini alichokiomba hakijapata sheria ya kukitekeleza. Anayetaka kuelewa jinsi mswada unavyozaliwa, unavyokwama na unavyokufa katika Bunge letu na afuate safari ya wazo hili moja lililotoka Homa Bay.

Asiyo hakuwa mgeni wa mapambano. Mwaka 1958 alikuwa mwenyekiti wa shirika la Maendeleo ya Wanawake, Mwafrika wa kwanza kushika wadhifa huo. Aliwakilisha Karachuonyo kuanzia 1980 hadi 1983, akarudi 1992 vyama vingi viliporejea. Katika uchaguzi huo kulikuwa na viti 188 vya majimbo. Wanawake walioshinda, pamoja naye, walikuwa 6.

Kanuni za Bunge za enzi hizo zilimbana mbunge asiye waziri tangu mlangoni. Hakuruhusiwa kuleta mswada moja kwa moja. Kwanza alitakiwa kuleta hoja ya kuomba idhini ya Bunge, na ilipoangushwa, mswada ulikuwa umekufa kabla hata ya kuandikwa. Hayo ndiyo yaliyompata Asiyo. Pendekezo lake halikufika hatua ya kujadiliwa kifungu kwa kifungu. Baadaye mwaka huohuo, katika marekebisho ya Katiba yaliyotokana na mazungumzo ya vyama, ilikubaliwa kwamba viti 12 vya kuteuliwa vigawanywe kwa kuzingatia usawa wa jinsia. Lilikuwa tone tu, lakini lilitoka kwenye mtungi uleule.

Asiyo aliendelea na kazi hiyo akiwa mmoja wa makamishna wa tume ya kurekebisha Katiba iliyoongozwa na Yash Pal Ghai. Katiba iliyopitishwa na wananchi Agosti 2010 ilitamka wazi kwamba katika chombo chochote cha kuchaguliwa, jinsia moja isizidi thuluthi mbili. Kwa mabunge ya kaunti, iliweka na njia ya kulifikia lengo hilo: wanawake wakipungua baada ya uchaguzi, vyama hupewa viti maalum vya kujazia. Kwa hiyo katika mabunge ya Homa Bay na Migori, yenye wadi 40 kila moja, kanuni hiyo ina pa kushika. Kwa Bunge la Kitaifa Katiba iliagiza lengo, ikaacha njia itungwe na wabunge wenyewe. Hapo ndipo shida ilipoanzia.

Kanuni za Bunge nazo zilikuwa zimebadilika. Leo mbunge hupeleka pendekezo lake kwa Spika, likachunguzwa, likachapishwa katika gazeti rasmi la serikali. Kila mswada una maelezo ya madhumuni na sababu, na chini yake jina la mbunge anayeuleta. Unasomwa mara ya kwanza bila mjadala, unapelekwa kwa kamati ambayo ni lazima isikie maoni ya wananchi, unarudi kujadiliwa katika kusomwa mara ya pili, unachambuliwa na kamati ya Bunge zima, kisha unasomwa mara ya tatu. Mswada wa kawaida unahitaji tu wengi wa waliopo na kupiga kura. Ndiyo sababu mbunge mwenye ari anaweza kuufikisha mwisho. Millie Odhiambo wa Homa Bay alifanya hivyo kwa sheria ya kupambana na biashara haramu ya binadamu ya 2010, na tena kwa sheria ya kuwalinda waathiriwa wa uhalifu ya 2014.

Mswada wa kubadilisha Katiba, kama huu wa jinsia, ni kazi nyingine kabisa. Baada ya kusomwa mara ya kwanza, hukaa siku 90 kabla ya kuitwa tena. Kisha unahitaji thuluthi mbili ya wabunge wote, yaani 233 kati ya 349, katika kusomwa mara ya pili na ya tatu, na kiwango hichohicho katika Seneti. Asiyekuja ukumbini anahesabika sawa na aliyekataa.

Mahakama ya Juu iliamua Desemba 2012 kwamba sheria ya kulitekeleza lengo la jinsia ipatikane kufikia Agosti 27, 2015. Mswada ulioletwa na kiongozi wa wengi, Aden Duale, ulipigiwa kura Aprili na Mei 2016, na mara zote mbili haukufika 233. Ukarudi kwa sura mpya katika Bunge lililofuata. Siku ya Februari 27, 2019 ndiyo inayouma zaidi. Kiongozi wa walio wachache alikuwa John Mbadi wa Suba Kusini, Homa Bay, na kiranja wake Junet Mohamed wa Suna Mashariki, Migori. Kwa desturi, Spika akiamuru kura ya kuhesabiwa, kengele hulia kuwaita wabunge kutoka mikahawa na ofisi, kisha milango hufungwa. Siku hiyo waliokuwemo walikuwa 174. Hata wote wangesema ndiyo, hesabu isingetosha.

Nimesikia hoja za wapinzani: gharama ya viti vya ziada, na kwamba wanawake wagombee majimboni kama wanaume. Ni hoja za kujadiliwa. Lakini mtu mwenye hoja huingia ukumbini akapiga kura ya hapana, jina lake likaandikwa, wapigakura wake wakalisoma. Kuuacha mswada ufe kwa viti vitupu ni kuwanyima wananchi hata jibu. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa kuitunga sheria hiyo. Halikuvunjwa.

Asiyo alifariki Julai 2025 akiwa Marekani. Alikuwa ameshuhudia Gladys Wanga akiwa gavana wa Homa Bay, na kati ya majimbo 8 ya kaunti hiyo, matatu yakichagua wanawake mwaka 2022: Suba Kaskazini, Rangwe na Kabondo Kasipul. Migori nayo ina majimbo 8, na mwaka huo yote yalichagua wanaume. Mwanamke pekee aliyechaguliwa Migori kuingia Bunge la Kitaifa alipitia kiti cha mwakilishi wa wanawake, nafasi iliyoletwa na Katiba ya 2010. Bunge hili la 13 likifika mwisho kabla ya uchaguzi wa Agosti 2027, kila mswada usiokamilika utaanguka nalo, na atakayeuchukua huu wa jinsia ataanza tena kwa kusomwa mara ya kwanza na siku 90 za kusubiri.