Kwaya za Dakawa

Atokaye Morogoro kwenda Dodoma huikuta Dakawa kando ya barabara, katika bonde la Mto Wami, na macho yake hukimbilia mashamba ya mpunga. Miaka ya 1980 kijijini hapo zilisikika nyimbo za Kizulu, Kixhosa na Kisotho.

Baada ya mauaji ya wanafunzi huko Soweto, Juni 16, 1976, vijana wengi waliikimbia Afrika Kusini. Tanzania iliwapa ANC, chama chao cha ukombozi, ardhi Mazimbu, karibu na mji wa Morogoro, kwenye lililokuwa shamba la mkonge, ikajengwa shule iliyopewa jina la mpigania uhuru Solomon Mahlangu. Watu walipozidi, mwaka 1982 wakaongezewa Dakawa. Wengine walikuwa wameonja jela na mateso. Wengine waliondoka kwao bila kumuaga mama.

Wakaimba: mikutanoni, kazini, mazishini. Hapakuhitajika kinanda. Mmoja alianzisha, wengine wakapokea, sauti ya kwanza mpaka besi. Rais wa ANC, Oliver Tambo, aliyewahi kuwa mwalimu, alipenda kwaya na mara nyingine aliziongoza mwenyewe.

Kuimba kulikuwa tiba kwao, na tiba ya namna hiyo haikuwa ngeni Morogoro. Wakwere na Wazaramo, majirani wa Waluguru wa Morogoro, wana ngoma ya madogoli: mgonjwa huwekwa kati, ndugu wakampigia ngoma na kumwimbia, asibaki peke yake na maradhi yake.

Sayansi nayo imeligusa jambo hili. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Gothenburg, Sweden, waliwapima wanakwaya mapigo ya moyo. Waliona mioyo yao ikienda kasi na kupunguza kasi kwa pamoja. Sababu ni pumzi: mstari mrefu wa wimbo humlazimu mwimbaji kuitoa polepole, na moyo huifuata. Waimbao pamoja huvuta pumzi pamoja.

Wageni wa Dakawa walikuwa na bahati nyingine. Wimbo wao mkuu, Nkosi Sikelel' iAfrika, uliotungwa na Enoch Sontonga mwaka 1897, ndio uliotoa sauti ya Mungu Ibariki Afrika, wimbo wa taifa wa Tanzania. Mkimbizi aliyefika jana, asiyejua neno la Kiswahili, aliweza kusimama kando ya mwenyeji na kuimba naye, kila mmoja kwa lugha yake.

Julai 1992 ANC iliikabidhi serikali Mazimbu na Dakawa. Wengi wakarudi kwao. Baadhi ya majengo ya Dakawa yakawa shule, na asubuhi, wanafunzi wakipanga mistari, sauti ya Sontonga bado hupaa.