Zimwi la Karatasi

Kama hujawahi kufungua kitabu kikakuinukia usoni, umekosa raha moja kubwa ya dunia hii. Unafungua kurasa mbili, karatasi iliyokuwa imelala inasimama: nyumba, meli, jitu lenye meno. Ukifunga, linalala tena kimya kama si lile. Waingereza wanaviita "pop-up". Mimi nitaviita vitabu vya kuchomoza mpaka wakubwa wa lugha watuletee neno bora.

Wengi wetu tunadhani ni mambo ya watoto tangu mwanzo. Ah, wapi! Katika karne ya 13 mtawa mmoja wa St Albans, Uingereza, jina lake Matthew Paris, alitia gurudumu la kuzungusha ndani ya kitabu chake cha historia, lisaidie kutafuta tarehe ya Pasaka. Mwaka 1543 daktari Vesalius alichapisha picha za viungo vya mwili za kukatwa na kubandikwa moja juu ya nyingine, ili mwanafunzi afunue kifua aone yaliyomo. Wote hao watu wazima, tena wenye ndevu na elimu zao. Mtoto hakualikwa.

Zimwi lenyewe lilipenya mapema. Karibu mwaka 1650 kulitoka London kijikaratasi cha mafundisho ya dini chenye vifuniko vya kuinua. Unaona simba, unainua kipande, simba anakuwa nusu tai nusu simba, yule mnyama wanayemwita griffin, unainua kingine, anakuwa tai kamili. Nia ilikuwa kukumbusha watu habari za dhambi na mauti. Lakini niambie, wewe ungekuwa na miaka sita, ungekumbuka dhambi au ungekumbuka simba mwenye mbawa? Miaka mia moja na ushee baadaye, kama 1765, mwuzaji vitabu Robert Sayer wa mji huohuo aliichukua mbinu hiyo ya vifuniko, akaitumia kwa vichekesho vya jukwaani. Hapo mahubiri yakaanza kupungua na mchezo ukaingia.

Fundi mkubwa wa karne ya 19 alikuwa Lothar Meggendorfer wa München, Ujerumani. Yeye alificha mitambo ya karatasi katikati ya kurasa mbili zilizogandishwa, akaifunga kwa vijiwaya vya shaba vilivyosokotwa, hata ukivuta ulimi mmoja tu wa karatasi, mtu kwenye picha anageuza macho, anainua mkono na kutikisa mguu kwa pamoja. Miaka ya 1930 kampuni ya Blue Ribbon ya New York ikaleta lile jina la "pop-up". Baada ya vita, Vojtěch Kubašta, msanifu majengo wa Prague, akawa anasimamisha majumba na misitu kutoka kipande kimoja cha karatasi. Mmarekani Waldo Hunt alivutiwa na kazi hizo, akataka kuziagiza kwa wingi, biashara haikukubali, akaamua kuanzisha za kwake miaka ya 1960. Haya nayapita haraka, maana nina haraka ya kufika kwenye nyumba ya mashetani.

Kitabu chenyewe kinaitwa Haunted House, cha Jan Pieńkowski, cha mwaka 1979. Kilipata medali ya Kate Greenaway, kama ilivyoitwa wakati huo, ambayo Waingereza huwapa wachoraji wa vitabu vya watoto. Maneno yake ni machache: mtu asiyejisikia vizuri anamtembeza daktari nyumbani kwake. Vituko vyote viko kwenye picha. Jikoni kuna pweza. Darini kuna sanduku linalokatwa kwa msumeno kutoka ndani, na ukifungua ukurasa karatasi inakwaruzana na karatasi, unasikia kabisa "krrr, krrr". Hakuna betri, hakuna waya.

Pieńkowski alizaliwa Warsaw mwaka 1936, akakulia vitani, akafika Uingereza 1946. Alipokuwa mdogo Poland kuna mama mmoja aliyekuwa akimsimulia habari za mchawi, mpaka mtoto wa watu akakosa usingizi. Kuanzia 1972, akishirikiana na mwandishi Helen Nicoll, alimchora mchawi Meg, ambaye kila akichanganya dawa zake zinamharibikia. Mtu kachukua hofu yake kaivika kofia ya kuchekesha. Mimi hapo ndipo ninapomvulia kofia yangu.

Nakala yangu niliinunua kwa wauza vitabu vya mitumba, imekwanyuka hapa na pale. Niliwasomea watoto watatu wa jirani, barazani, jioni umeme umekatika, tuna taa ya chemli. Yule wa miaka mitatu alijificha nyuma ya dada yake. Mara ya pili akachungulia. Mara ya tatu akasema, "Kaka, nipe mimi nifungue." Akafungua, krrr, akafunga. Akafungua, akafunga. Nikahesabu mara kumi na moja, halafu nikaacha kuhesabu. Mama yao akauliza kwa ndani, "Mnawatishia nini watoto usiku huu?" Mtoto akajibu, "Si mimi ninayetishwa, mama. Mimi namwamsha."

Wazee walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Sikuzote nilidhani methali hiyo inahusu ndugu na mabosi. Siku ile nikaona inahusu pia mkono wa mtoto, kwa sababu katika kitabu cha kuchomoza zimwi haliwezi kusimama mpaka wewe ulisimamishe. Katika sinema linakujia kwa wakati wake. Katika hadithi ya bibi linakuja bibi akipenda. Hapa linangoja ruhusa. Ed Emberley, Mmarekani, alilitumia jambo hilo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1990 bila hata kusimamisha karatasi: kurasa zake zina matundu, kila ukifunua jitu la kijani linaongezeka, jicho, pua, meno, na nusu ya pili ya kitabu mtoto analifukuza kipande kwa kipande mpaka linakwisha.

Naye Maurice Sendak, yule wa Where the Wild Things Are ya 1963, alieleza kwamba majitu yake aliyatoa kwa wajomba na shangazi waliokuja kwao Brooklyn siku za Jumapili, wakimfinya mashavu na kumwinamia na meno yao. Huyu ndiye aliyeandika mwaka 1985 kumsifu Meggendorfer, na mwaka 2006, kwa ufundi wa karatasi wa Matthew Reinhart, akatoa kitabu chake cha kuchomoza, Mommy? Kichanga kinazunguka katikati ya mazimwi kinatafuta mama. Hakiogopi hata mmoja. Kinachoogopesha ni kutompata mama, jambo ambalo mtoto yeyote anakuelewa.

Kuna upande ambao wapenzi wa vitabu hivi hawapendi kuusema. Mashine inachapa na kukata, lakini kukunja na kubandika ni kazi ya mikono. Ndiyo maana Haunted House, kitabu cha London, kiliundwa Colombia, na vingi vya siku hizi vinaundwa Asia. Zimwi rafiki wa mtoto wa Ulaya limepitia kwenye vidole vya mtu mwingine, ukurasa mmoja baada ya mwingine, mahali ambapo vidole hulipwa kidogo. Pengine watoto wake mwenyewe hawajakifungua.

Na sisi je? Mazimwi tunayo, tena ya kutosha. Askofu Edward Steere alichapisha mwaka 1870 hadithi alizozikusanya Unguja, mojawapo ya Sultani Majinuni na paka wake aliyeanza kwa kula ndama, akapanda mpaka watu, akawa nunda. Hebu fikiria nunda huyo kwenye karatasi, kila ukurasa anakua! Washikaji, tunaandika mashairi ya mapenzi kila toleo, na nunda bado yuko kwenye mistari iliyolala.

Kinywa chake ni rahisi. Kunja kipande cha manila katikati. Kwenye mkunjo, kata mstari mmoja kuingia ndani, urefu wa kidole gumba. Kunja ncha zote mbili za mkato zielekee nje, upate pembetatu mbili. Zirudishe, fungua karatasi nusu, zisukume ndani kwa kidole. Ukifungua na kufunga, zinatafuna. Pakaza rangi nyekundu nyuma, bandika meno. Usitie gundi kwenye mkunjo, kinywa kitaziba. La kwangu lina meno matano tu, manila iliniishia, na mtoto wa jirani ameshang'oa moja.