Mkataba wa Kijana Mwenye Kasi: Historia ya Riadha ya Kulipwa katika Miji ya Mlima Kenya

Timau ni mji mdogo wa Kaunti ya Meru, ulio kando ya barabara inayotoka Nanyuki kwenda Meru, kwenye mteremko wa kaskazini-magharibi wa Mlima Kenya, na wasafiri wengi huufahamu kwa mashamba yake ya ngano, shayiri, viazi na maua yanayouzwa ng'ambo. Katika historia ya michezo, mji huu ni sehemu ya ukanda wa nyanda za juu unaoanzia Karatina na Nyeri, ukapitia Nanyuki na kufika Nyahururu, ng'ambo ya safu ya Nyandarua. Ukanda huo, ambao husahauliwa sifa zote za riadha zinapopelekwa Eldoret na Iten, umetoa mabingwa wa Olimpiki na wa dunia, na baadhi yao walikuwa miongoni mwa Wakenya wa mwanzo kuishi kwa jasho la mbio. Historia yao inaonyesha kwamba kipaji cha kijana huwa kazi pale tu inapopatikana taasisi ya kumwajiri, kumfunza na kumlinda, na kwamba umri wa kazi hiyo hutegemea taasisi hiyo kama unavyotegemea miguu yake.

Maelezo ya kawaida ya ufanisi wa wakimbiaji wa Kenya huanza na mwinuko wa nchi. Ni kweli kwamba Timau na Nyahururu ziko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ina oksijeni kidogo, na mwili uliokulia humo huongeza chembe nyekundu za damu, yaani zile zinazobeba oksijeni kuipeleka kwenye misuli. Hata hivyo mwinuko huo ulikuwapo katika miaka ya 1950 na 1960, wakati Kenya ilipoanza kupeleka wanariadha wake katika michezo ya kimataifa, na bado majina yaliyovuma wakati huo, kama Nyandika Maiyoro, Naftali Temu na Kipchoge Keino, yalitoka Kisii na Nandi. Sababu ya tofauti hiyo haina budi kutafutwa katika utawala wa wakati ule.

Chini ya ukoloni, na kwa muda mrefu baada ya uhuru wa 1963, riadha ya Kenya ililelewa na vikosi vyenye sare, yaani jeshi, polisi na magereza, kwa kuwa vikosi hivyo ndivyo vilivyokuwa na viwanja, walimu wa mazoezi, mashindano ya kila mwaka na mishahara iliyomwezesha kijana kukimbia bila kulala njaa. Waingereza waliandikisha askari wao kwa kufuata makabila waliyoyaona kuwa ya kivita na matiifu, na Wakikuyu wa Nyeri hawakuwa wengi katika safu hizo. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952 kwa sababu ya vita vya Mau Mau, watu wa ukanda huu walihamishiwa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki, wakawekewa kafyu na kulazimishwa kuomba vibali vya kusafiri. Vijana waliofungiwa hivyo walikuwa mbali na mlango ambao wanariadha wa sehemu nyingine waliupitia, na miaka mingi ilipita kabla ya mlango huo kufunguka kikamilifu kwao.

Matunda ya kufunguka kwake yalionekana katika miaka ya 1980. John Ngugi, aliyezaliwa 1962 na kuingia jeshini, alishinda mbio za nyika za dunia, zinazokimbiwa kwenye nyasi, matope na vilima, mara nne mfululizo kuanzia 1986 hadi 1989, kisha mara ya tano mwaka wa 1992. Katika Olimpiki ya Seoul ya 1988, Kenya ilipata medali nne za dhahabu katika riadha, na mbili kati ya hizo zilikwenda kwa wana wa ukanda huu: Ngugi katika mita 5,000, na Julius Kariuki katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, aliyemaliza kwa dakika 8 na sekunde 5.51. Wakati huohuo sheria za fedha zilikuwa zikibadilika, kwani kanuni ya zamani ilimkataza mwanariadha kulipwa, lakini kuanzia mwanzoni mwa muongo huo shirikisho la kimataifa la riadha liliruhusu malipo yawekwe katika mifuko ya amana, na mwaka wa 1986 mbio za Boston, ambazo ni marathoni kongwe zaidi kati ya zile za kila mwaka, zikaanza kutoa zawadi za pesa taslimu. Ngugi mwenyewe aliingia katika enzi hiyo mpya bila mtu wa kumfafanulia masharti yake yote, kwani mwaka wa 1993 alikataa kupimwa na maofisa wa kupambana na dawa zilizoharamishwa, waliofika kwake bila taarifa, akasimamishwa, na ingawa adhabu ilifupishwa baadaye, hakurudi tena katika kilele chake.

Mlango wa pili ulifunguliwa na Japani. Huko kuna mchezo uitwao ekideni, yaani mbio ndefu za kupokezana ambapo wakimbiaji wa timu moja hukabidhiana utepe unaovaliwa begani, na mashindano yake makubwa huwa ya shule za sekondari, ya vyuo vikuu na ya makampuni. Kampuni ya Kijapani humwajiri mkimbiaji kama mfanyakazi wake, ikampa mshahara, bweni, kocha na daktari, naye huilipa kwa kuvaa jina lake barabarani. Douglas Wakiihuri, aliyezaliwa Mombasa, alikwenda Japani mapema katika miaka ya 1980 na kufunzwa na Kiyoshi Nakamura, akawa bingwa wa dunia wa marathoni mjini Roma mwaka wa 1987 na mshindi wa fedha mjini Seoul mwaka uliofuata. Baada yake shule na makampuni ya Kijapani yalianza kuchukua vijana wa Kenya wakiwa bado wadogo, na Nyahururu ikawa mojawapo ya miji iliyojulikana sana kwa safari hizo.

Aliyefika mbali kuliko wote ni Samuel Wanjiru, aliyezaliwa Novemba 1986 na kukulia Nyahururu, ambaye alihamia Japani akiwa na umri wa miaka 15 kusoma katika shule ya Sendai Ikuei, na baadaye akaajiriwa na timu ya Toyota Kyushu chini ya Koichi Morishita, mshindi wa medali ya fedha ya marathoni katika Olimpiki ya Barcelona ya 1992. Septemba 2005, akiwa na umri wa miaka 18, alivunja rekodi ya dunia ya nusu marathoni mjini Rotterdam kwa dakika 59 na sekunde 16, na mwaka wa 2007 akaishusha hadi dakika 58 na sekunde 33. Tarehe 24 Agosti 2008, mjini Beijing, alikimbia kwa kasi ambayo wengi waliamini haiwezekani katika joto la kiangazi, akamaliza kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 32, akawa Mkenya wa kwanza kutwaa dhahabu ya marathoni ya Olimpiki na kuiboresha kwa karibu dakika tatu rekodi ya Olimpiki ya Carlos Lopes iliyokuwa imedumu tangu 1984. Alikuwa na umri wa miaka 21, na rekodi yake ilisimama hadi 2024.

Mwaka huohuo wa 2008 Wanjiru aliachana na timu ya Kijapani. Aliendelea kushinda, London na Chicago mwaka wa 2009, na Chicago tena mwaka wa 2010, lakini sasa alikuwa bila ile ratiba iliyokuwa imemzunguka tangu utotoni, na utajiri mkubwa ukiwa mikononi mwa kijana ambaye rika lake lilikuwa bado chuoni. Tarehe 15 Mei 2011 alifariki baada ya kuanguka kutoka roshani ya nyumba yake Nyahururu, akiwa na umri wa miaka 24. Msiba huo ulikuwa hasara ya taifa zima, na unastahili kukumbukwa kwa heshima na kwa uchungu, kwa kuwa kazi yote ya bingwa huyu, tangu rekodi ya kwanza hadi ushindi wa mwisho, ilikuwa ya takriban miaka mitano.

Mfano wa pili wa ukanda huohuo una sura nyingine. Catherine Ndereba alizaliwa 1972 huko Gatunganga, Nyeri, na mwaka wa 1994 akaajiriwa na Idara ya Magereza, iliyompa cheo, mshahara na mahali pa kurudi kila baada ya mashindano. Alishinda Boston mara nne, akavunja rekodi ya dunia ya wanawake mjini Chicago mnamo Oktoba 2001 kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 47, akawa bingwa wa dunia mwaka wa 2003 na 2007, na kupata medali za fedha za Olimpiki mwaka wa 2004 na 2008, ya mwisho akiwa na umri wa miaka 36. Vipaji vya wawili hawa haviwezi kupimwa kwa mizani moja, lakini ajira ya Ndereba haikwisha na msimu wala haikutegemea zawadi ya mbio moja, na uthabiti huo unaonekana katika urefu wa kazi yake.

Ulinganisho na futiboli ya Marekani unalifafanua jambo hili zaidi. Katika mchezo huo wa mpira wenye umbo la yai, mpokeaji wa pembeni ni mchezaji ambaye hukimbia kwa kasi kumpita mlinzi na kudaka mpira uliorushwa kutoka mbali, kwa hiyo kazi yake, kama ya mkimbiaji, husimama juu ya miguu ya ujana. Kijana wa nafasi hiyo huandaliwa na shule, kisha chuo kikuu, na hawezi kuingia ligi kuu kabla ya kupita miaka mitatu tangu amalize sekondari, ambapo vilabu huchagua chipukizi kwa zamu, utaratibu ulioanza mwaka wa 1936. Amani Toomer, mpokeaji Mmarekani, alipitia Chuo Kikuu cha Michigan, akachaguliwa na New York Giants mwaka wa 1996 na kubaki nao kwa misimu 13. Daniel Adongo, mchezaji wa raga kutoka Kenya, aliingia Indianapolis Colts mwaka wa 2013 bila kuwahi kucheza mchezo huo, akatumia nguvu na mbio zake kama mlinzi, na kufikia mwisho wa 2015 alikuwa ameachwa. Kipaji chake hakikuwa na shaka, ila ngazi waliyoipanda wenzake tangu utotoni yeye hakuwekewa.

Kwa vijana wa Timau, historia hii ni ya karibu. Hifadhi ya Lewa, iliyo jirani, imekuwa na marathoni yake tangu 2000, ambapo wageni hulipa ili wakimbie miongoni mwa vifaru na twiga kwa ajili ya uhifadhi na miradi ya jamii, na Nanyuki ina kambi ya jeshi la anga pamoja na hoteli za wageni. Rasilimali zipo, lakini tukio la siku moja halizai kazi ya maisha, na ajenti anayekuja kutafuta mkimbiaji mwenye umri wa miaka 16 hawezi kuchukua nafasi ya shule yenye kocha, mwajiri mwenye kandarasi ya wazi na mshauri wa fedha asiyenufaika na zawadi. Ngugi, Wanjiru na Ndereba walithibitisha kwamba ukanda huu unaweza kuwashinda walimwengu wote. Wajibu uliobaki kwa kaunti, shule na vyama vya riadha ni kuhakikisha kwamba kijana wa Mlima Kenya anayetia saini mkataba wake wa kwanza anaelewa kila kifungu chake, ana elimu ya kumsaidia miguu itakapochoka, na ana taasisi itakayomjali bado siku ambayo hatashinda.