Posa Iliyokataliwa: Filamu ya 1967 na Sisi Watu wa Visiwani

Vijana wenzetu, kuna filamu moja ya zamani ya Marekani tunaomba muitafute: Guess Who's Coming to Dinner, ya mwaka 1967. Msichana Mzungu anamleta nyumbani mchumba wake, daktari Mweusi, na wazazi hawana habari. Daktari ni Sidney Poitier. Wazazi ni Spencer Tracy na Katharine Hepburn.

Mwaka ule haukuwa mchezo. Hadi Juni 1967, majimbo 16 ya Marekani bado yalikuwa na sheria ya kukataza ndoa kama hiyo. Tarehe 12 mwezi huo Mahakama Kuu ikazifuta, katika kesi ya Richard na Mildred Loving. Filamu ikatoka Desemba. Sheria imeondoka, sasa kazi imebaki kwa baba mtu: atatoa radhi?

Hapo ndipo filamu inapotugusa sisi wa Koyama, Chovai, Chula na Kismayu. Somalia haikuwa na sheria ya kumkataza Mbajuni kuoa kwenye koo kubwa. Dini moja, nikahi ileile. Kinachokataza ni mila. Kwetu ukoo ndio ngao: ndio unaokulipia diya, ndio unaokutetea ukidhulumiwa. Basi mzee anayekataa posa ya mvuvi hasemi tu eti "huyu si mwenzetu". Anauliza pia, siku ya vita nani atasimama na binti yangu?

Vita vya 1991 vilijibu vibaya. Visiwa viliporwa, watu wetu wakapanda majahazi kukimbilia Mombasa, wengi wakaishia kambi ya Jomvu. Mwaka 2000, kwenye mkutano wa Arta, Djibouti, koo nne kubwa zilipewa fungu zima kila moja. Sisi na wachache wengine wote tukagawana nusu. Na mwaka 2018, huko Mogadishu, mtu wa jamii ya Wabantu aliuawa kwa sababu mpwa wake alioa msichana wa ukoo mkubwa. Kwa hiyo tukisema ndoa ni hatari, si hadithi za sinema.

Lakini tujitazame na sisi. Kwenye filamu, baba wa daktari, mzee aliyekuwa akisambaza barua, naye anakataa! Si Wazungu peke yao. Na kwetu je, akija kijana wa Kibantu kutoka bonde la Juba kuposa, mara ngapi tumemtafutia sababu? Tunasahau kwamba Wabajuni wenyewe ni matunda ya ndoa: ziko koo zetu zenye asili ya Kisomali, kama Wakatwa, ziko za asili ya Kiarabu, na ziko za Waswahili.

Kasoro ya filamu tunaiona: bwana harusi ni daktari mashuhuri, hana doa. Je, angekuwa mvuvi asiye na cheti, angekaribishwa mezani? Mtu asilazimike kuwa malaika ndiyo akubaliwe kuwa mkwe.

Ndugu zetu wa mashirika, wawili wakija kusema wanatishwa kwa sababu ya ndoa, msiandike tu "ugomvi wa kifamilia". Ulizeni koo zao. Na nyinyi vijana, akija mgeni kuposa kwenu, mtamuuliza nini kwanza: ukoo wake, au tabia yake?