Kutoka Machimbo ya Mchanga Hadi Mkanda wa UFC: Stori ya Francis Ngannou Ambayo Vijana wa Kyela Wanatakiwa Kuisoma Yote

Juni 2012, boti iliyojaa wahamiaji kutoka Ethiopia ilizama Ziwa Nyasa, upande wa Karonga, Malawi. Watu zaidi ya 40 walikufa maji. Walikuwa wanaelekea Afrika Kusini kutafuta maisha. Kwa mtu wa Kyela hiyo si habari ya mbali. Ukivuka mpaka pale Kasumulu, daraja la mto Songwe, Karonga hiyo hapo.

Mwaka huohuo wa 2012, kule Cameroon, jamaa mmoja mwenye mwili wa kutisha naye alifunga safari ya namna hiyo. Anaitwa Francis Ngannou. Yeye alifika, na baadaye akawa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Ndiyo maana yeye tunamjua kwa jina, na wale wa Karonga hatuwajui.

Mwamba alizaliwa Septemba 5, 1986 katika kijiji cha Batié. Wazazi waliachana akiwa mdogo. Hata hajawa kijana, tayari alikuwa na koleo mkononi anachimba mchanga ili apate hela ya shule. Kama umewahi kupakia mchanga wa mtoni kwenye lori, unajua ile kazi inavyokula mgongo. Wenzake walikuwa wanamcheka kila akisema atakuwa bondia.

Alianza mazoezi ya ngumi akiwa na miaka 22. Kwa mabondia huo ni uzee kabisa! Akaona nyumbani hakuna mchongo, akaondoka. Akapita Nigeria, Niger, jangwa la Sahara, Algeria, hadi Morocco. Hapo Morocco alikula msoto wa karibu mwaka mzima. Alikuwa anaokota chakula jalalani. Alijaribu kuvuka bahari kwa boti ya kujaza upepo, akakamatwa, akarudishwa jangwani, akaanza upya. 2013 akaingia Hispania, na mapokezi yake yalikuwa kuwekwa kizuizini miezi miwili.

Akafika Paris bila ndugu wala kitanda, akawa analala kwenye maegesho ya magari. Huko ndiko alikokutana na kocha Fernand Lopez, naye mzaliwa wa Cameroon. Lopez akamwambia aachane na ngumi tupu, ajaribu MMA, ule mchezo wa kuchanganya ngumi, mateke, mieleka na kabali. Ngannou alikuwa hata haujui. Novemba 2013 akapigana pambano lake la kwanza la kulipwa, akashinda. Desemba 2015 akaingia UFC.

Kuanzia hapo watu wakawa wanalala tu. Desemba 2017 alimpiga Alistair Overeem ngumi moja ya chini kwenda juu, kichwa kikarudi nyuma kama kimekatika. Dunia ikajua bingwa mpya huyo anakuja.

Halafu akaanguka. Januari 2018 Stipe Miocic alimchosha kwa mieleka raundi zote tano. Julai mwaka huohuo akapoteza kwa Derrick Lewis, pambano bovu mpaka mashabiki wakazomea. Wengi wakasema jamaa kaisha.

Hakuisha. Alirudi akashinda manne mfululizo. Curtis Blaydes sekunde 45. Cain Velasquez sekunde 26. Junior dos Santos sekunde 71. Jairzinho Rozenstruik sekunde 20! Machi 27, 2021 akakutana tena na Miocic, akamlaza raundi ya pili. Mkanda ukaja Afrika. Akaupeleka hadi Batié, kulekule alikokuwa anachimba mchanga.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanapoishia, na wanakosa kitu. Januari 2022 alitetea mkanda dhidi ya Ciryl Gane akiwa na goti bovu. Baada ya hapo alitaka mkataba wenye uhuru zaidi, pamoja na bima ya afya kwa wapiganaji. Hawakuelewana. Januari 2023 akaondoka UFC na kuuacha mkanda. Watu wakamwita mjinga.

Oktoba 2023, Riyadh, huyo "mjinga" alimwangusha Tyson Fury raundi ya tatu kwenye ngumi za kawaida. Alipoteza kwa pointi, majaji wawili kwa mmoja, ila hela aliyoingiza usiku ule UFC haikuwahi kumpa. Machi 2024 Anthony Joshua alimzimisha raundi ya pili. Mwezi uliofuata akampoteza mwanae Kobe, mtoto wa miezi 15. Oktoba 2024 akarudi ulingoni PFL, akamaliza kazi raundi ya kwanza.

Kwenye mkataba wake wa PFL aliweka na uenyekiti wa PFL Afrika. Ligi hiyo ilianza Cape Town Julai 2025, na mwaka huohuo ikafika Kigali. Kigali, wadau, unafika kwa basi. Na kule Batié alijenga jimu ya watoto.

Hiyo ndiyo sehemu ya stori ya kubeba. Mtu aliyepita jangwani hakurudi kuwaambia wadogo zake wapite njia ileile. Alirudi kujenga mlango nyumbani, kwa sababu aliona wangapi wanabaki njiani.

Kyela ina vijana wenye mabega ya kubeba magunia ya mpunga tangu darasa la tano. Nguvu ipo. Jimu ziko ngapi? Makocha je? Mwenye jibu atupe, na mwenye eneo la kuweka hata begi moja la mazoezi, Ipinda, Matema au Kyela mjini, aseme hapohapo.