Upanga wa Maneno: Nani Aseme Nani Kaumia?

Waangalie watoto wa mtaa wowote wakicheza polisi na wezi. Mmoja ananyoosha kidole, anatoa mlio wa bunduki kwa mdomo, kisha anapiga kelele: "Umekufa wewe!" Mwenzake anajibu palepale: "Sijafa, umenikosa!" Mchezo unasimama. Hapo hapigani mtu tena, watu wanabishana. Mmoja anadai uhalisia: risasi ya hatua tatu itamkosaje mtu? Mwingine anadai haki: mbona kila siku nife mimi? Wote wawili wana hoja, na hakuna hata jeraha moja la kuwaonyesha watazamaji.

Ubishi huo, ndugu msomaji, una historia ndefu, tena ya watu wazima wenye ndevu na nishani vifuani. Unatuhusu sisi tunaojifunza kuandika hadithi, kwa sababu tunakutana nao kila tunapofikia ukurasa wa ngumi na visu. Swali ni lilelile la watoto: pambano likiwa la maneno matupu, ni nani mwenye haki ya kusema nani kaumia?

Tuanzie Prusia, dola ya zamani ya Wajerumani. Mwaka 1824 ofisa kijana wa mizinga, Georg Heinrich Rudolf von Reisswitz, alichapisha kanuni za mchezo wa vita ulioitwa Kriegsspiel, akiendeleza kazi iliyoanzishwa na baba yake. Mezani ilitandazwa ramani ya kipimo cha 1:8000, na vibao vidogo vikasimama badala ya vikosi. Lakini wachezaji hawakuruhusiwa kusogeza vibao wapendavyo. Waliandika amri zao kwenye karatasi, kama makamanda wa kweli, wakamkabidhi mwamuzi. Mwamuzi alisoma, akasogeza vibao, akarusha dadu, akatazama jedwali la hasara, ndipo akatangaza yaliyotokea. Kila zamu ilihesabiwa kuwa dakika mbili za vita.

Hebu tuutazame utaratibu huo kwa jicho la mwandishi. Aliyeandika "kikosi changu kishambulie daraja" hakuwa na ruhusa ya kuongeza "na kikaliteka". Sentensi ilikatwa vipande viwili. Nia ilikuwa ya mchezaji, matokeo yalikuwa ya mwamuzi na dadu lake. Karibu kila kanuni iliyokuja baadaye ni jaribio la kuuweka mpasuko huo mahali pazuri zaidi.

Jeshi la Prusia liliupenda mchezo ule, ila majedwali yakawa mzigo. Vita vya dakika mbili vilitaka hesabu ya muda mrefu kuliko vita vyenyewe. Mwaka 1873 ofisa mmoja, Jakob Meckel, aliandika kulalamika kwamba kanuni zinamfunga mwamuzi mikono. Mwaka 1876 Julius von Verdy du Vernois, aliyekuwa katika makao makuu ya jeshi wakati wa vita dhidi ya Ufaransa mwaka 1870, akaenda mbali zaidi: akatupa dadu, akatupa na majedwali. Mwamuzi ni mtu aliyeona vita kwa macho yake, alisema. Basi na aamue kwa uzoefu wake.

Hapo zikazaliwa kambi mbili ambazo hazijapatana hadi leo. Kambi ya dadu na kambi ya mwamuzi. Upande wa uhalisia, Verdy alikuwa na nguvu, maana ofisa aliyepigana anajua mambo ambayo hayaingii kwenye jedwali: matope, hofu, farasi aliyechoka. Lakini upande wa haki mambo yanageuka. Dadu halijui vita, ni kweli, ila halina mjomba. Mwamuzi anajua vita, na anajua vilevile kwamba huyu aliyekaa kushoto ni mkubwa wake kazini na yule wa kulia ni kijana asiye na mtu. Ukimpa binadamu mamlaka ya kusema nani kafa, umempa na nafasi ya kupendelea.

Wazo hilo lilivuka bahari. Mwaka 1880 luteni wa jeshi la Marekani, Charles Totten, alichapisha kitabu cha michezo ya vita kiitwacho Strategos. Kikasahaulika maktabani hadi miaka ya 1960, David Wesely wa jimbo la Minnesota alipokichimbua. Alichokipenda ni mwamuzi mwenye uwezo wa kuhukumu jambo lolote ambalo mchezaji atalibuni. Mwaka 1969 akawaandalia rafiki zake mchezo katika mji wa kubuni wa Kijerumani, Braunstein. Safari hii mchezaji hakuongoza jeshi zima, alishika nafasi ya mtu mmoja mmoja. Kabla vita havijafika mjini, wachezaji wawili wakamwendea Wesely: tumegombana, tunataka kupigana sisi wawili. Kanuni hazikuwa na neno juu ya mapambano ya namna hiyo. Ikabidi azibuni palepale amesimama. Jambo dogo, lakini lilifungua mlango: mhusika mmoja dhidi ya mhusika mmoja, na maneno yao ndiyo silaha.

Aliyepita katika mlango huo ni Dave Arneson, rafiki yake Wesely. Mwaka 1971 alikuwa akiendesha mchezo wa mapanga na mazimwi ulioitwa Blackmoor. Mwanzoni alitumia kanuni ambazo pigo moja likikupata, umekwisha. Ukiniuliza mimi, hiyo ni kanuni yenye uhalisia kabisa, kwani panga likimwingia mtu barabara hahitaji la pili. Lakini wachezaji wake hawakuridhika. Mtu amembuni mhusika, amempa jina na tabia, halafu dadu moja baya linamzika! Arneson akaazima kanuni kutoka mchezo wa meli za chuma za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Meli haizami kwa kombora moja. Inahesabiwa makombora inayoweza kuyabeba, na unene wa chuma chake unahesabiwa pia. Akampa binadamu hesabu ya meli. Ndipo zikaingia pointi za uhai na daraja la deraya, na mwaka 1974 zikachapishwa katika Dungeons & Dragons, mchezo alioutunga na Gary Gygax.

Uhalisia hapo ulisogezwa pembeni makusudi ili haki ipate kukaa. Watu wakapiga kelele. Itakuwaje shujaa achomwe mikuki sita naye bado anarusha upanga kama ametoka kuoga? Mwaka 1978 ulitoka mchezo wa RuneQuest, ambao mtungaji wake mkuu, Steve Perrin, alikuwa mmoja wa watu waliokuwa wakipigana kwa silaha za kuigiza za zama za kati. Huko kila pigo lilitafuta kiungo chake: mguu, mkono, kichwa. Ukikatwa mguu unaanguka, basi. Gygax alijibu katika kitabu chake cha mwaka 1979 cha kuwaongoza waendeshaji wa mchezo. Pointi za uhai si nyama na damu peke yake, alieleza. Ni ujuzi, bahati na pumzi pia. Kwa maneno mengine, pigo la kwanza hadi la tano halikukukata, lilikuchosha tu.

Ukiutazama ubishi huo wote utaona jambo la kuchekesha kidogo. Mtu akishinda, halalamiki kwamba upanga haukuwa na uzito wa kweli. Anayekumbuka sheria za maumbile ni yule anayevuja damu. Mara nyingi kilio cha uhalisia ni kilio cha haki kilichovaa koti.

Wengine walitumaini kompyuta ingemaliza kesi. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, Roy Trubshaw alianza kuandika programu iliyoitwa MUD, na baadaye Richard Bartle akaiendeleza. Hapakuwa na picha hata moja. Skrini ilikueleza kwa maandishi ulipo, nawe ukajibu kwa maandishi. Aliyetaka kupigana aliandika neno la kuua na jina la adui, mashine ikapiga hesabu. Na mashine haina mjomba! Lakini ilikuwa kali: mhusika aliyeuawa katika pambano alifutwa, na mwenyewe akaanza upya. Haikupendelea mtu, ila yule mgeni wa siku ya kwanza na yule mkongwe wa mwaka mzima waliingia ulingo mmoja. Kanuni ikiwa moja kwa wote haina maana kwamba pambano ni sawa kwa wote. Mwaka 1989 James Aspnes wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, akatoa TinyMUD, ulimwengu wa maandishi ambao mapigano si shughuli yake. Watu walijenga vyumba na kuzungumza. Ndugu zake waliofuata wakawa uwanja wa watu kuandika matendo ya wahusika wao sentensi kwa sentensi, na katika miaka ya 1990 mtindo huo ukaenea katika vyumba vya maongezi vya intaneti. Humo mara nyingi hapakuwa na dadu wala mwamuzi. Tukarudi kwa watoto wa polisi na wezi.

Nao wakajitungia sheria nzuri kuliko nyingi za maofisa. Ya kwanza: andika jaribio lako, usiandike matokeo kwa mwenzako. Kiswahili chetu kinaonyesha tofauti hiyo ndani ya kitenzi chenyewe. "Ninarusha ngumi kuelekea taya lako" ni halali. "Nimekuvunja taya" ni wizi, kwani taya ni la mwenzako na kiambishi -me- kimemnyang'anya. Ya pili ni ngumu zaidi: usikwepe kila kitu. Mtu anayekwepa mapigo ishirini mfululizo huyo hapigani, anajifanya mungu, na wachezaji wa Kiingereza walimpa jina hilohilo. Wapo waliokwenda mbali, wakakubaliana mshindi kabla ya kuanza. Pambano lao likawa kazi ya kuandika tu: aliyekwisha kubali kushindwa anatafuta namna nzuri ya kuanguka.

Pwani yetu nayo inajua kupigana kwa maneno. Karne ya 19 Muyaka bin Haji wa Mombasa na Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu walirushiana mashairi wakati miji yao ikihasimiana. Malumbano ya ushairi hayahesabu majeraha. Lakini yana mipaka yake: unajibu kwa mizani na vina, na unajibu hoja iliyosemwa, si uliyotamani isemwe. Asikilizaye ndiye anayejua nani kaishiwa.

Kwa hiyo mimi nasimama hapa. Kanuni nzuri si ile inayofanana sana na vita. Kanuni nzuri ni ile ambayo aliyeshindwa anakubali mwenyewe kwamba kashindwa. Uhalisia unasaidia, kwa sababu unampa sababu ya kukubali: mguu ulijeruhiwa mapema, basi si ajabu ameshindwa kukimbia. Lakini haki ndiyo inayofanya abaki mchezoni.

Wenzangu mnaoshika kalamu, tofauti yetu na wachezaji hao ni kwamba sisi tunashika upanga wa pande zote mbili. Hakuna adui wa kutuambia "umenikosa!" Ndiyo maana ni rahisi sana kwetu kuonea. Tunamwaga maadui kumi, shujaa wetu anapangusa vumbi kwenye shati. Msomaji wa Willy Gamba wa Elvis Musiba au Joram Kiango wa Ben Mtobwa anajua shujaa hatakufa katikati ya kitabu. Anachongoja ni kuona ushindi utamgharimu nini. Basi adui naye apewe zamu yake. Arushe ngumi ya kweli, na mara mojamoja impate mtu tunayempenda.